Kabla Hujavaa Glavu, Uliza Pesa Hutoka Wapi

Wewe wa Rongai ya Nakuru (si ile ya Kajiado ambayo kila mtu hudhani ndiyo unayoisema), huenda zile video za jiu-jitsu ya Brazil zimekupitia kwenye simu. Watu wawili wanagaragara sakafuni, mmoja anamkaba mwenzake shingo, kisha unasikia ametia kibindoni dola milioni moja.

Milioni hiyo si porojo. Agosti 2024 mjini Las Vegas, Kade Ruotolo na Nick Rodriguez walishinda kila mmoja dola milioni moja katika mashindano yaliyoandaliwa na Craig Jones. Lakini wikendi iyo hiyo, mji uo huo, wanaume waliokuwa wakiwania taji la uzani wao katika ADCC, mashindano yanayoheshimiwa kuliko yote katika mchezo huo, walikuwa wanatolea jasho dola 10,000. Ondoa kocha, nauli na daktari wa goti, uone kinachobaki.

Kwa hivyo mabingwa wanakula nini? Wanakula kufundisha. Ada za wanafunzi wa kila mwezi, semina za wikendi, video za mafunzo mtandaoni. Taji ni tangazo tu la biashara, na mkanda mweusi ndio cheti. Cheti chenyewe huchukua takriban miaka 10 kukipata, kwa hivyo usiambie mama unaacha chuo mwezi ujao.

Usione hayo ni mambo ya ng'ambo. Panda matatu hadi Nakuru mjini umuulize mzee yeyote wa ndondi kuhusu Philip Waruinge. Olimpiki za Mexico 1968 alishindwa katika nusu fainali na Mmexico Antonio Roldán, akarudi na shaba, lakini waamuzi wakampa Tuzo ya Val Barker, ile ya bondia mwenye ustadi kuliko wote katika mashindano. Fikiria: wa shaba akawapiku wenye dhahabu! Alikuwa ameshatwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 1966, akaitwaa tena 1970, na 1972 akaleta fedha kutoka Munich.

Doh je? Hapo ndipo pagumu. Ndondi za ridhaa hazikuwa na mshahara wa ulingoni. Ilibidi Waruinge aende Japani kupigana kwa malipo, akijulikana huko kama Waruinge Nakayama. Mwaka 1976 aliwania taji la dunia la WBC jijini Panama dhidi ya Rigoberto Riasco, akapoteza. Enzi hizo hakukuwa na simu ya kujirekodi ukifundisha ngumi ya kushoto, uiuze hadi Kanada. Ustadi wote ule ulilipwa pambano kwa pambano, mwili ukiwa bado unaweza. Alifariki 2022.

Mabondia wengi wa Kenya waliomfuata walipata jibu lingine: ajira katika polisi, jeshi au magereza. Unapigania klabu ya kikosi, lakini mwisho wa mwezi mshahara unaingia, uwe umeshinda au umeangushwa. Mimi naona huo bado ndio mkataba bora zaidi kwa bondia wa kawaida hapa kwetu, japo hauna mbwembwe za Instagram.

Ukitaka kuwa kocha wa kujitegemea, piga hesabu mapema. Tuseme umepata wanafunzi 20 pale Rongai, kila mmoja analipa Sh1,500 kwa mwezi. Hizo ni Sh30,000. Toa kodi ya ukumbi, mikeka, glavu, na wale watano watakaokwambia "kocha, nitatuma wiki ijayo". Wanafunzi wa jioni hawatoshi. Tafuta shule zinazotaka mwalimu wa michezo, watu wa ofisi wanaotaka kupunguza kitambi, akina dada wanaotaka kujua kujilinda. Kocha anayekufundisha sasa muulize waziwazi: nani humlipa, lini, na akiumia bega nani huendelea kumlipa. Akikasirika kuulizwa, hilo pia ni jibu.