Picha ya Ukutani na Amana ya Ushindi

Wako wanaodhani kwamba dawa za kuongeza nguvu ni shauri la mwanariadha na waamuzi wake tu. Wamesahau kwamba ushindi ni amana ya wengi. Huko Marekani washabiki hukusanya kadi zenye picha za wachezaji wa besiboli. Mchezaji akibainika kutumia dawa, kadi iliyotunzwa kwa fahari hugeuka aibu sandukuni. Sisi wa Mikindani na Msimbati kadi hatuna, ila picha za magazeti tunazibandika ukutani.

Mwaka 2014 Rita Jeptoo wa Kenya alishinda marathoni ya Boston. Mwaka huo huo alipatikana na dawa ya EPO, na mwaka 2016 akavuliwa ushindi ule. Buzunesh Deba wa Ethiopia akapata haki yake imechelewa, bila makofi ya umati.

Tumlinganishe na ndugu yetu John Stephen Akhwari. Huko Mexico, mwaka 1968, alianguka, akaumia goti, akamaliza marathoni wa mwisho. Medali hakuileta, heshima aliileta, na ingalipo.

Mwaka 2025 Alphonce Simbu alitutwalia dhahabu ya dunia mjini Tokyo. Basi maofisa wa michezo na walimu wa UMISSETA, mnapowaandaa warithi wake, hapana budi muwafundishe uaminifu kabla ya mbio. Picha hubanduliwa kwa dakika moja, jina halisafishiki. La kuvunda halina ubani.