Piesi ya ndege bila karatasi ni chuma tu

Tuchukue pompu mbili za mafuta ya ndege. Zote zimetoka usini moja, zote zinang'aa, ukizipima zinafanya kazi sawasawa. Moja inauzwa maelfu ya dola. Ingine hakuna kompanyi ya maana itaigusa. Mwisho wake ni kuuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma. Tofauti iko wapi? Ya kwanza iko na karatasi zake, ya pili karatasi zilipotea.

Hapo njo utaelewa juu ya nini kompanyi za mapiesi na za matengenezo ya ndege haziwezi kutumia programu ya kawaida ya duka. Mu depo ya kawaida, magunia 10 ya sukari ni mstari moja: sukari, 10, bei. Ukiuza 3 zinabaki 7, na hakuna mtu atauliza ni magunia gani 3 yalitoka. Mu depo ya ndege, pompu 10 ni mistari 10. Kila moja iko na namba yake ya seri na historia yake: ilifungwa kwenye ndege gani, iliruka saa ngapi, nani aliitoa na kwa sababu gani, atelye gani iliitengeneza, nani aliweka sinyatire. Sisi wa agronomia tunajua jambo hili kwa upande wa mbegu. Gunia la mahindi bila etiketi ya SENASEM yenye namba ya loti ni mahindi ya bugali, hata uape kama inaota vizuri.

Karatasi yenyewe mu Ulaya inaitwa EASA Form 1, mu Marekani FAA 8130-3. Inasema piesi iko mu hali gani na ni kazi gani ilifanywa, na anayeisaini lazima awe na ruhusa. Lakini kuna mapiesi ambayo hiyo peke haitoshi. Diski za ndani ya moteri zinapewa maisha ya kuhesabu, kwa mfano mizunguko 20,000, na mzunguko moja ni kuruka na kutua. Kwa piesi ya namna hiyo, mnunuzi anataka historia tangu siku ilipozaliwa. Miaka miwili ikikosekana mu katikati, hakuna mtu anaweza kujua imebakiza mizunguko ngapi, na kitu cha bei ya nyumba kinageuka takataka. Pia kuna mapiesi madogo ya kaucho, zile duara za kuzuia mafuta yasivuje, ambazo zinazeeka mu kabati bila kutumiwa. Programu lazima ikumbuke tarehe yao na kukatalia mwenye depo asizitoe zikiisha muda.

Tuangalie biashara yenyewe sasa. Kompanyi ya ndege inapiga simu usiku: ndege yetu imekwama chini, abiria wanangoja, tunataka piesi hii leo. Hali hiyo mu lugha ya kazi inaitwa AOG, na kila saa inayopita ni pesa inapotea. Muuzaji lazima ajue mu dakika chache kama yuko na piesi ile, au na ingine ya namba tofauti inayokubaliwa fasi yake (mtengenezaji anabadilisha namba kila mara, na hapo wengi wanapotea), iko depo gani, iko hali gani, na karatasi yake iko wapi. Hali nazo ziko na vifupisho vinavyojulikana na wote: NE ni mpya, OH imefunguliwa na kutengenezwa yote, SV inaweza kutumika, AR imetolewa kwenye ndege vile iko, haijapimwa. Kati ya OH na AR bei inaweza kuachana sana. Tangu 1979 iko soko inaitwa ILS, ilianzia Memphis, fasi wauzaji wanaonyesha stoki yao. Programu nzuri inatuma listi kule yenyewe, bila mtu kuandika mara mbili.

Kuna pia biashara ya kubadilishana, na hii inashinda kontable wengi. Mteja aliyekwama anachukua piesi iliyotengenezwa, analipa sehemu ya bei, halafu anatakiwa kurudisha ile yake iliyoharibika mu siku mliopatana. Asiporudisha, anaongezewa. Akirudisha na atelye ikasema haiwezi kupona, anaongezewa tena. Yaani anakudai wewe hakuna, wewe unamudai kitu, si franka. Programu ya duka haijui deni la kitu. Inafunga fakitire na kusema imelipwa, na miezi 6 baadaye unagundua pompu yako haikurudi.

Kazi ninayoona ngumu kupita zote ni ile ya kununua ndege nzee na kuifungua. Miami na vitongoji vyake imejaa kompanyi za kazi hii. Tuseme, kwa mfano wangu tu, umenunua ndege kwa dola milioni 3 na umetoa mapiesi 1,000. Kila piesi ilikugharimu ngapi? Ukigawanya sawasawa, ni dola 3,000 kila moja. Moteri unaiuza milioni moja, vitabu vinasema umepata faida kubwa sana, unalipa kodi, unagawa pesa. Mwaka wa pili umebaki na viti, milango na mapiesi yasiyopendwa, kila moja imeandikwa dola 3,000, na hakuna mtu anatoa hata 200. Kwenye karatasi uko tajiri, kwenye benki hauna kitu. Kwa hiyo gharama inagawanywa kufuatana na bei ambayo kila piesi inategemewa kuuzwa, na programu inaendelea kurekebisha kadiri mauzo yanavyokuja. Mwenye kusoma gestion kati yetu atazame hapo vizuri: ni hesabu ya kuchinja ng'ombe, fileti na kwato hazibebi gharama sawa.

Upande wa matengenezo, programu inafuata ndege yenyewe: karatasi za kazi, saa za mafundi, leseni ya fundi imebakiza siku ngapi, hata ufunguo wa kukazia boluti kama ulipimwa karibuni. Majina utakayosikia: Quantum Control iko sana kwa wauzaji wa mapiesi, AMOS, iliyotoka Basel mu Uswisi, iko zaidi kwa wanaorusha ndege, TRAX ya Miami nayo iko upande huo, ilinunuliwa 2023 na AAR, kompanyi kubwa ya Marekani ya mapiesi na matengenezo. Wauzaji wa programu watakuonyesha grafiki za rangi rangi. Mimi ningewauliza swali moja kwanza: nikipata habari kama piesi za muuzaji fulani ni mbaya, itanichukua dakika ngapi kujua ziko kwenye ndege gani?

Swali hilo si la masomo tu. Tarehe 8 Septemba 1989 ndege Convair 580 ya kompanyi Partnair ilitoka Oslo kwenda Hamburg, ikavunjika mu hewa na kuanguka mu bahari karibu na Denmark. Watu wote 55 walikufa. Uchunguzi ulikuta boluti na pini za kushikilia mkia hazikuwa za kiwango kinachotakiwa.

Na mwaka 2023, mafundi wa TAP ya Ureno walitilia mashaka piesi iliyouzwa kama mpya lakini ilionekana imetumika. Wakauliza Safran, anayetengeneza moteri za CFM56 pamoja na General Electric, na jibu likawa: karatasi hii si yetu. Muuzaji alikuwa AOG Technics ya London. Kompanyi kubwa za Marekani, Delta, United, Southwest na American, nazo zikakuta piesi zake kwenye moteri zao na kuzitoa. Mwezi Desemba mwaka ule ule ofisi ya Uingereza inayofuata udanganyifu mkubwa ikaanza uchunguzi.

Tazama vizuri: kompanyi hizo hazikuwa zinaandika mu kahiye. Ziko na programu za bei kali. Karatasi ya uongo iliingia mu programu kama karatasi ya kweli, ikapata namba, ikawekwa vizuri. Mashini haikuona kitu. Fundi mwenye macho njo aliona. Lakini baada ya kuona, ni mashini iliyoweza kusema haraka piesi gani iko wapi. Kwa hiyo mtu wa kupokea mzigo, yule anayelipwa kidogo pale mlangoni mwa depo, njo anashikilia mfumo wote. Lazima awe na haki ya kuweka piesi pembeni hata kama mkubwa anapiga kelele.

Kwetu Congo jambo hili linatugusa kwa karibu. Kompanyi za ndege zilizopewa ruhusa na nchi yetu ziko kwenye listi ya Umoja wa Ulaya ya zisizoruhusiwa kuruka kule, tangu listi ilipotoka 2006, na sababu inayotajwa ni udhaifu wa usimamizi wa usalama. Na sisi ambao barabara ya Shabunda inatushinda, tunapanda ndege ndogo na magunia pembeni.

Mwenye kutaka kujizoeza asingoje programu ya ndege. ERPNext na Odoo Community zinapatikana bure, na zinajua kufuata namba za seri na loti. Weka mapiesi 10 ya kutunga, kila moja na seri yake, 9 na karatasi iliyoskaniwa, moja bila. Halafu jaribu kuuza ile moja. Itakubali bila kuuliza kitu, na kazi yako ya wikendi itakuwa kutafuta namna ya kuifanya ikatae.