Timu Ilishinda, Pesa Zikapotea



Mapema mwaka huu niliitwa na kikundi kimoja ambacho hukutana kila Alhamisi nyuma ya kanisa. Wanachama ni 22 na kila mmoja hutoa shilingi 200 kwa wiki. Walikuwa wameweka kwa wiki 12, na siku ya kugawana ilikuwa imefika kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa. Daftari lilisema shilingi 52,800. Simu ya mweka hazina ikasema 9,300.

Yule kijana hakukataa. Alisema alikuwa amebeti, akitumaini kuzirudisha kabla ya Alhamisi. Kisha akasema neno ambalo akina mama waliliona ni uongo mtupu: "Lakini timu zangu nyingi zilishinda!"

Tulipoketi naye na kufungua simu tukaona ni kweli. Timu zilishinda, naye akapoteza. Kwa kuwa nimeulizwa jambo hili katika vikundi vingine pia, nitalieleza hapa.

Fikiria mtoto wa darasa la tatu akishindana mbio na kaka yake wa darasa la nane. Mshindi anajulikana hata kabla ya kuanza. Basi ili kuwe na mchezo, tunamwambia mdogo atangulie hatua ishirini. Kampuni za beti hufanya vivyo hivyo kwa mabao, na vijana huita hendikapu. Timu inayodhaniwa ni dhaifu hupewa mabao ya bure, na yenye nguvu hukatwa. Uwanjani hakuna kinachobadilika. Hesabu hiyo iko kwenye beti peke yake.

Tuchukue mchezo ambao wengi tunaukumbuka. Tarehe 27 Juni 2019, kule Cairo katika Kombe la Afrika, Harambee Stars iliifunga Tanzania 3-2. Tanzania ilitangulia mara mbili, na Olunga akatuokoa dakika ya 80. Sasa tuseme mtu alikuwa ameiwekea Kenya beti yenye alama ya kutoa 1.5. Chukua mabao 3, ondoa moja na nusu, inabaki moja na nusu. Tanzania ina 2. Kwa hiyo mtu huyu anaruka na kushangilia na nchi nzima, na beti yake imekufa! Angekuwa na alama ya kutoa 1, hesabu ingekuwa 2-2. Hapo kuna beti zinazomrudishia mtu pesa zake, na kuna nyingine ambazo sare hiyo ni hasara kwake. Ni lazima usome ni ipi, na wengi hawasomi. Kuna hata robo, kama 0.75, ambapo pesa zako hugawanywa mara mbili: nusu zinahesabiwa kwa 0.5 na nusu kwa 1.

Kinyume chake pia hutokea. Siku nne kabla ya hapo Algeria ilitufunga 2-0. Aliyeiwekea Kenya alama ya kujumlisha 2.5 alilipwa, ingawa tulishindwa.

Sasa, kwa nini kampuni ijisumbue hivi? Wamarekani humtaja Charles McNeil, mwalimu wa hesabu aliyekuwa Chicago katika miaka ya 1940, kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo huu kwa michezo yao. Sababu ni rahisi. Kama kila mtu anajua timu kubwa itashinda, wote wataiwekea hiyo hiyo. Mabao yakisawazishwa, watu hugawanyika pande mbili, na mwenye duka hajali tena nani atashinda.

Angalia. Juma la kwanza unaona kila upande unalipa 1.90, yaani ukiweka shilingi 100 na ukishinda unapewa 190. Mtu mmoja aweke 100 upande huu, mwingine 100 upande ule. Kampuni imepokea 200. Mmoja lazima ashinde, analipwa 190. Shilingi 10 zimebaki, hata mpira ungechezwaje. Kwa mchezaji ni hivi: akibeti mara 20 kwa shilingi 100 na kushinda mara 10, ametoa 2,000 na kupata 1,900. Kushinda nusu si kutosha. Ni lazima apatie karibu mara 53 katika kila 100 ndipo asipoteze, na hapo sijataja kodi.

Halafu kuna kuunganisha michezo, na hapa ndipo mweka hazina wetu alipoumia kabisa. Michezo mitano ya 1.90 ikiungwa pamoja, shilingi 100 inaahidi kama 2,476. Inavutia, au sivyo? Lakini kama kila mmoja ni nusu kwa nusu, nafasi ya kupatia yote mitano ni moja katika 32. Malipo ya haki yangekuwa 3,200. Zile shilingi 5 katika kila mia zimekuwa karibu 23. Na mchezo mmoja ukiharibika, ile minne uliyopatia haina kazi. Ndiyo maana alisema timu zake nyingi zilishinda.

Watu huniuliza kama Kanisa linasema kubeti ni dhambi. Katekisimu, namba 2413, haisemi mchezo wa bahati wenyewe ni uovu. Inasema haukubaliki unapomnyima mtu mahitaji yake na ya wenzake. Karo ilikuwa ndani ya ile 52,800, na kuna mama wawili waliokwenda kumwomba mwalimu mkuu muda.

Kikundi hakikumfukuza. Pesa sasa hupelekwa benki kila Ijumaa, kutoa ni kwa sahihi tatu, na daftari husomwa kwa sauti. Yeye anarudisha shilingi 500 kila Alhamisi, ambayo ni Alhamisi 87. Amemaliza 11.