KINYONGA HANYWI KATIKA SAHANI



Wengi mnatuuliza sababu gani sisi wa kundi la biolojia tunachunga vinyonga nyuma ya darasa. Wengine wanasema mate yake ni sumu, ao mutu akimgusa atapata bahati mbaya. Wakimwona njiani, ni mawe. Leo tunawajibu, na tunaeleza pia kosa letu wenyewe.

Kinyonga hana sumu. Akifungua kinywa na kuvimba, ni woga. Anaweza kuuma kidole, basi. Ni kweli, Biblia ya Kifaransa ya Segond, katika Walawi 11, inamtaja kati ya wanyama wasioliwa. Lakini kusema "usile" si kusema "ua".

Kosa letu ndilo hili. Kinyonga wa kwanza tulimtia katika kartoni pamoja na panzi na sahani ya maji. Macho yake yakaingia ndani, ngozi ikakunjamana, na sisi tukasema: "Amelala tu." Akakufa na kiu, sahani imejaa mbele yake. Mwalimu akatueleza: kinyonga anakunywa matone juu ya majani, yaani umande na mvua. Maji yaliyosimama mara nyingi hayatambui. Tulisikia haya sana.

1. KIZIMBA. Tulipiga misumari kwenye mbao, tukafunika na mustikere ya zamani, sababu hewa lazima ipite. Kiwe kirefu kwenda juu, karibu metre moja, maana kinyonga anapenda kupanda. Ndani tia matawi yenye unene wa kidole na mti mubichi wenye majani mengi. Kikae mahali penye jua la asubuhi, lakini upande moja uwe na kivuli. Jua linasaidia mifupa yake. Lile linalopita katika kioo halitoshi. Kila mkubwa akae peke yake. Wakionana tu wanakasirika na kubadilika rangi.

2. MAJI NA CHAKULA. Asubuhi na jioni tunanyunyiza maji juu ya majani, polepole, mpaka aache kulamba. Tunampa panzi na inzi wazima, wasiotoka katika shamba lenye dawa. Panzi waliobaki tunawatoa jioni, sababu usiku wanaweza kumuuma.

3. WATOTO. Hapa kwetu milimani ya Kivu iko kinyonga ambaye wataalamu wanamwita Trioceros ellioti. Huyu hatagi mayai, anazaa. Mwingine, Chamaeleo dilepis, anachimba shimo, anataga, anafukia, halafu anaenda zake. Mayai yanakaa katika udongo miezi mingi. Mwenye kuchunga huyo amwekee ndoo ya udongo wenye unyevu.

Wetu alikuwa wa kuzaa, nasi hatukujua. Tulizani amekula mno! Asubuhi moja tukakuta watoto tisa kwenye matawi, kila mmoja mdogo kuliko kidole. Tulimtoa mama mara moja, maana mkubwa anaweza kumeza mtoto. Watoto hawawezi panzi. Tulitia ndizi iliyoiva sana katika kopo, na wale inzi wadogo wakaja wenyewe. Watoto wanakula kila siku, na jua kali linawakausha upesi.

Hata hivyo watatu walikufa juma la kwanza. Inzi walikuwa kidogo, na wenye nguvu walitangulia kula. Tangu siku ile tuliwagawanya katika vizimba viwili, na tukaandika zamu ukutani, hata ya siku ya Mungu.

Sasa likizo kubwa inakaribia. Nani atawanyunyizia maji wakati sote tuko nyumbani? Wengine walitushauri kuwauza. Hapana. Tangu mwaka 1977 hawa wawili tuliowataja wako chini ya mkataba wa CITES, na kuwapeleka inje ya inchi bila ruhusa ni kosa. Tena hatukuwachunga kwa ajili ya feza.

Basi Jumamosi tutawarudisha wote, mama na watoto sita, katika ua wa majani karibu na kisima, pale tulipomtoa mama. Kila asubuhi umande uko pale, na wao watakunywa bila sisi. Wadogo zetu, mnapita pale kila siku kwenda kuteka maji. Tafazali, muache mawe chini.