Utambuzi wa spishi mpya za wadudu wa siku moja

Utambuzi wa spishi mpya za wadudu wa siku moja ni kazi ya kuthibitisha kwamba mdudu fulani wa oda Ephemeroptera hajapata kupewa jina la kisayansi, kisha kumweleza na kumpa jina kwa kufuata kanuni. Spishi zaidi ya 3,000 za oda hiyo zinajulikana duniani, na mpya zinaendelea kupatikana, hasa katika mito ya nchi za joto. Ugumu wa kazi hii hautokani sana na udogo wa mdudu. Unatokana na maisha yake: mdudu yuleyule huwa na maumbo yasiyofanana hata kidogo, na mara nyingi mtafiti ana umbo moja tu mkononi.

Maumbo ya mdudu mmoja

Jina "siku moja" linamfaa mpevu tu. Tunutu, yaani mdudu mchanga, huishi majini kwa wiki kadhaa, miezi au hata miaka miwili kufuatana na spishi na joto la maji. Hupumua kwa matamvua yaliyopangwa kando ya fumbatio, na nyuma ana nyuzi tatu, mara chache mbili. Kila mguu una ukucha mmoja. Kwa alama hiyo hutofautishwa upesi na tunutu wa oda Plecoptera, ambao huishi chini ya mawe yaleyale lakini wana kucha mbili kwa kila mguu.

Akikomaa hutoka majini, hujivua ngozi na kuruka. Hata hivyo bado si mpevu kamili. Huitwa subimago, na mabawa yake yana rangi ya ukungu. Baada ya dakika au saa kadhaa hujivua tena, ngozi ya mabawa ikiwemo, na mabawa huwa maangavu. Hakuna wadudu wengine walio hai leo wanaojivua ngozi baada ya kupata mabawa ya kurukia. Mpevu hali chakula, kwa sababu sehemu za kinywa chake hazifanyi kazi. Hupandana, jike hutaga mayai, na wote hufa.

Kwa wapevu, dume ndiye anayetafutwa zaidi na wataalamu, kwa kuwa umbo la viungo vyake vya uzazi na vile vya kumshikia jike hutofautiana kati ya spishi na spishi. Katika familia Baetidae dume ana pia sehemu ya juu ya macho iliyoinuka kama kilemba. Majike ya spishi jirani mara nyingi hayatofautishiki kwa macho.

Kuunganisha tunutu na mpevu

Tunutu hukusanywa kwa wavu unaowekwa chini ya mawe yanayogeuzwa mtoni. Wapevu hunaswa wakiruka kwa makundi, au kwa taa usiku. Lakini kukuta tunutu na wapevu kwenye mto mmoja si ushahidi kwamba ni spishi moja, maana mto mmoja huweza kuwa na spishi nyingi za familia hiyohiyo. Njia ya kuaminika ni kufuga: tunutu ambaye vifuko vya mabawa yake vimekuwa vyeusi huwekwa katika kizimba ndani ya maji ya mto wake mpaka atoke. Ngozi aliyoiacha huhifadhiwa katika chupa moja na mpevu wake. Ngozi hiyo tupu ina thamani kubwa, kwani inabeba alama zote za tunutu.

Wakati nao una masharti yake. Katika Ziwa Viktoria kuna Povilla adusta, ambaye tunutu wake hutoboa mbao na mafunjo. R. Hartland-Rowe alionyesha mwaka 1955 kwamba wapevu wake hutoka kwa wingi karibu na usiku wa pili baada ya mwezi mpevu. Anayekwenda na taa yake wakati mwezi ni mwandamo huweza kurudi na chupa tupu.

Siku hizi DNA hurahisisha kazi. Kipande cha jeni COI chenye herufi zipatazo 650 hulinganishwa kati ya tunutu na mpevu, au kati ya tunutu wanaofanana. Mwaka 2018 Thomas Kaltenbach na Jean-Luc Gattolliat walieleza spishi mpya 26 za jenasi Labiobaetis kutoka Guinea Mpya kwa kutumia tunutu peke yao, wakilinganisha maumbile pamoja na DNA. DNA haiondoi hadubini, hata hivyo. Taya, midomo na miguu bado hutenganishwa, huwekwa juu ya kioo na kuchorwa, mpaka safu za vinyweleo.

Jina na sampuli

Majina ya wanyama huanza kuhesabiwa kutoka kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1758. Spishi ikipewa majina mawili, kwa kawaida lililotangulia ndilo hushinda. Ndiyo sababu mtafiti hulazimika kusoma maelezo yote ya zamani na kuangalia sampuli zenyewe makumbusho. Tangu mwaka 2000 maelezo mapya lazima yataje sampuli inayobeba jina. Ikiwa ni moja huitwa holotaipu, na ikiwa bado ipo lazima itajwe mahali ilipohifadhiwa au itakapohifadhiwa. Maelezo yakitiliwa shaka miaka mia baadaye, sampuli hiyo ndiyo huulizwa.

Mfano wa Prosopistoma

Hakuna jenasi inayoonyesha tatizo la maumbo vizuri kama Prosopistoma. Tunutu wake amefunikwa na ngao inayoficha matamvua, na mkia wake huweza kuvutwa ndani. Mfaransa Étienne Louis Geoffroy alimweleza mwaka 1762 akimdhani gegereka, yaani wa kundi la kaa na kamba. Latreille alipotoa jina la jenasi mwaka 1833 naye aliamini hivyohivyo. Ilikuwa ni katika miaka ya 1870 ambapo Joly alionyesha kwamba ni tunutu wa Ephemeroptera.

Barani Afrika, M. T. Gillies, mtafiti wa mbu wa malaria aliyefanya kazi Amani, Tanganyika, alichapisha mwaka 1954 maelezo ya wapevu wa jenasi hiyo pamoja na spishi mpya mbili, P. africanum na P. crassi. Jina la pili linamheshimu Crass, mtafiti wa wadudu hao Afrika Kusini. Majike ya Prosopistoma hubaki subimago mpaka kufa. Anayengoja wajivue mara ya pili atangoja bure.

Matumizi katika upimaji wa mito

Wadudu hawa hutumika kupima afya ya mito. Katika mfumo wa Afrika Kusini uitwao SASS5, kuwepo kwa Prosopistomatidae huupa mto alama 15. Baetidae wa spishi moja huleta alama 4, spishi mbili alama 6, na zaidi ya mbili alama 12. Tanzania nayo ina mfumo wa aina hiyo, TARISS. Mpimaji hahitaji kujua majina ya spishi hizo akiwa mtoni, lakini lazima aweze kuona kwamba tunutu watatu waliomo kwenye sinia yake ni wa aina tatu.