Asili na Maana ya Jina "Lumbwa"

Hati za serikali ya kikoloni zinazohusu nchi ya chai ya Kericho na Bomet zinawataja Walumbwa. Wenyewe hujiita Wakipsigis. Stesheni ya reli iliyo kaskazini ya Kericho nayo iliitwa Lumbwa. Leo ni Kipkelion.

Lumbwa si neno la Kikipsigis. Limetokana na Wamasai, na kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni watu wachimbao ardhi. Kwa mtu ambaye ng'ombe ndio heshima yake, hilo halikuwa jina la sifa.

Hata hivyo, fasiri hiyo haitoshi. Huko Tanzania Waparakuyo pia waliitwa Walumbwa, na majirani zao Wagogo na Wakaguru huwaita Wahumba. Waparakuyo ni wafugaji, tena lugha yao ni Kimasai chenyewe. Ilhali Kikipsigis ni cha tawi la kusini la lugha za Kiniloti, mbali na Kimasai. Basi jina hili halitambulishi lugha, wala kazi. Naona lilimtaja mtu ambaye msemaji hakumhesabu kuwa mwenzake, awe jirani au ndugu. Makarani walimsikiliza jirani kabla ya kumwuliza mwenyewe, wakalifanya jina la kabila. (Peristiany, katika kitabu chake cha mwaka 1939, aliandika Kipsigis.)

Mtafiti wa historia ya Kericho na ajihadhari: Wahumba aliowataja Burton katika safari yake ya 1857 hadi 1859 ni wale wa Tanzania.