Mbao za Kuazima

Mwaka 2000, kwenye Maonyesho ya Dunia ya Hannover, Ujerumani, banda la Uswisi lilionekana kama mbao zilizopangwa kiwandani zikauke. Msanifu Peter Zumthor alitumia boriti za sentimita 10 kwa 20, ambazo zikilazwa ncha kwa ncha zingefika kilomita 144. Hapakuwa na msumari wala gundi. Marundo hayo yalibanwa kwa vyuma vyembamba vyenye springi; mbao zilipokauka na kusinyaa, springi ziliendelea kuvuta. Banda lilikaa miezi mitano, kisha likafunguliwa, na boriti zikauzwa zikiwa kavu, tayari kwa ujenzi mwingine.

Hesabu ya hewa ukaa inaeleza kwa nini hilo ni jambo kubwa. Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni ambayo mti uliifyonza kutoka angani. Meta moja ya ujazo ya mbao laini inaweza kushikilia zaidi ya kilo 700 za hewa ukaa, ila kwa muda ule tu ambao mbao imebaki mbao. Ikichomwa, hewa hiyo inarudi ilikotoka. Ikifukiwa dampo, mahali pasipopenya hewa, sehemu yake hutoka kama methani, gesi kali zaidi kwa kupasha dunia joto. Hapo bado mafuta ya msumeno, tanuri la kukaushia, lori na kreni. Nyumba ya miaka 60 huusambaza mzigo huo miaka 60. Banda la msimu mmoja hubeba wote kwa mkupuo, isipokuwa mbao zake zitoke salama na kutumika tena.

Kwa hiyo vita vya jengo la muda hupiganwa kwenye viungo. Fundi aliyewahi kubomoa mbao za kumwagia zege anajua: mtaimbo hung'oa msumari pamoja na kipande cha ubao, ncha hupasuka, anakata futi moja kila upande, na ubao wa futi 12 unabaki 10. Bolti hufunguliwa kwa spana, ubao ukatoka mzima.

Japani ilikwenda mbali zaidi. Kwa ukumbi wa Village Plaza, katika kijiji cha wanamichezo wa Olimpiki ya Tokyo, mamlaka 63 za mitaa ziliazimisha vipande vya mbao vipatavyo 40,000, vikiwa na alama za majina ya mahali vilikotoka. Baada ya michezo ya 2021 ukumbi ulivunjwa, mbao zikarudishwa kwa wenyewe zitumike kwenye majengo ya umma. Safari ya kurudi ilikula mafuta, nayo lazima ihesabiwe. Lakini kila kipande kilifika Tokyo kikiwa tayari kina kwao pa kurudi.